Mti Mmoja, Vitoweo Viwili

Alikuwa amejibandika ukutani chini ya taa ya stesheni, mabawa ameyatandaza, na abiria walikuwa wakimpita na mabegi na madumu yao bila kumtazama. Nilisimama. Mabawa yake yalizidi upana wa kiganja changu. Rangi yake ilikuwa ya gome lililokauka, hudhurungi iliyonyunyiziwa kijivu, kama vile mtu amempepetea majivu kwa ungo. Nilipomkaribia alishtuka, akayavuta mbele mabawa ya juu, na yale ya nyuma yakafichuka: jicho moja kulia, jicho moja kushoto, makubwa, duara ndani ya duara, yakinikodolea kama macho ya bundi.

"Usimguse, dada," alisema kijana aliyekuja kunipokea. "Huyo nondo ndiye mama wa chipumi, kiwavi tunachokula. Siku zake ni chache, tusimpunguzie."

Ilikuwa alfajiri ya mwanzoni mwa Oktoba, stesheni ya Mpika, kaskazini mwa Zambia. Treni ya TAZARA iliyonileta ilikuwa bado inahema nyuma yangu. Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, na Mpika ndipo ilipo mojawapo ya karakana zake kubwa. Kwa hiyo Kiswahili si mgeni mjini hapo. Kijana aliyenipokea alikijulia sokoni Tunduma, alikofanya biashara ya nguo miaka kadhaa, na alikiongea kwa lafudhi ya mpakani, haraka na bila woga.

Mimi ni mtoto wa Sikonge, mkoani Tabora. Nimekulia kwenye miombo. Baba alikuwa mfuga nyuki, na mama alikuwa mchuma uyoga; kila masika tulikula uyoga hadi tukauchoka, kisha tukaukumbuka kiangazi kizima. Viwavi hatukuvila nyumbani kwetu. Tulivipita mtini kama tunavyopita mawe. Ila nilikuwa nimesikia kwa mtumishi mmoja wa reli kwamba huko Mpika, kwenye nchi ya Chifu Kopa, Wabisa wanalinda viwavi kama watu wa milimani wanavyolinda mfereji wa maji. Neno hilo lilinikaa kichwani. Ndilo lililonipandisha treni.

Tulitoka mjini kwa gari, kisha tukachukua baiskeli mbili kwenye njia ya mchanga. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mingi na nyasi zilikuwa majivu matupu mahali pengi, lakini miti ilikuwa imeshavaa. Mtu asiyeijua miombo angedhani ni majani ya kuanguka: mekundu, ya shaba, mengine ya zambarau, yaking'aa juani kama kitambaa cha hariri. Kumbe ni majani mapya. Miombo haingoji mvua. Inachipua wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, kwa akiba iliyo kwenye mizizi na shina. Niliitambua miti mmoja mmoja kama mtu anayekutana na jamaa zake ugenini. Huu ni mtundu. Ule ni mtondoro, au ndugu yake wa karibu. Kijana aliyataja majina kwa Kibemba na mimi kwa Kinyamwezi na Kiswahili, lakini tulipofika kwenye jina la msitu wenyewe tulikutana: miombo. Neno hilo ni lao na ni letu. Msitu huu unaanzia Angola, unapita Kongo na Zambia, unashuka Zimbabwe, Malawi na Msumbiji, na kwetu unafika Tabora, Katavi, Ruvuma na Lindi. Asilimia kubwa ya Watanzania wanaopika kwa mkaa wanapika kwa miombo, wajue wasijue.

Bibi wa yule kijana alitupokea uani. Wote walimwita Banakulu, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nilipiga goti kidogo kama nilivyofundishwa njiani, nikasema, "Mwapoleni mukwai." Alicheka kwa furaha, akajibu, kisha akanishika mkono na kuniongoza moja kwa moja hadi kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba, hata maji sijanywa. Alivuta tawi la chini. Upande wa chini wa jani palikuwa na mayai, yamepangwa karibu karibu, kila moja si kubwa kuliko punje ya mtama.

"Amekuja jana usiku," mjukuu alinifasiria. "Bibi anasema mwaka huu wamekuja wengi. Mwaka jana tulitafuta mayai kama mtu aliyepoteza sindano."

Hapo ndipo nilipoelewa lile neno la kulinda. Kuanzia Oktoba wazee wa vijiji vya Kopa huangalia: nondo wangapi wanaonekana, mayai yako kwenye miti ipi, viwavi vimeanguliwa lini, vimefikia ukubwa gani. Habari hupelekwa kwa wakubwa wa nchi. Hakuna anayeruhusiwa kuanza kuchuma kabla mavuno hayajafunguliwa, na yakishafunguliwa yana siku ya kufungwa, ili viwavi vilivyobaki vishuke ardhini kwa amani na kuwa mbegu ya mwaka ujao. Moto nao una sheria yake. Nyasi huchomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, zikiwa bado na unyevu, moto ukiwa mpole na mfupi. Moto wa Septemba na Oktoba ni adui, kwa sababu nyasi zimekauka kabisa na ndimi zake hupanda hadi kwenye matawi, zikaunguza majani machanga na mayai yaliyopachikwa humo. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Zambia, Mbata, Chidumayo na Lwatula, waliuchapisha utaratibu huu wa Kopa katika jarida la kimataifa la hifadhi ya wadudu. Wenyewe hawakungoja karatasi. Walikuwa wakiufuata muda mrefu kabla ya hapo.

Usiku tulikaa nje na taa ya sola. Nondo walikuja, mmoja mmoja, wakizunguka mwanga kwa kishindo cha mabawa. Wanasayansi wanamwita Gynanisa maja; amekuwa na jina hilo katika vitabu tangu karne ya 19. Ni wa ukoo wa nondo wakubwa ambao wana jambo moja la kushangaza: hawali. Nilimshika mmoja dume kwa uangalifu, nikamtazama usoni kwa tochi. Vipapasio vyake vilikuwa vipana, vyenye matawi kama unyoya wa kuku au jani la mparachichi lililobaki mishipa tu. Hivyo ndivyo anavyonusia. Jike hukaa kimya juu ya tawi na kuachia harufu hewani, na dume huifuata kutoka mbali sana gizani. Lakini chini ya vipapasio hivyo, pale unapotegemea kuona mrija wa kufyonzea kama wa kipepeo, hapakuwa na kitu cha maana. Mdomo wake haufanyi kazi. Mafuta aliyobeba tumboni ni yale aliyoyala alipokuwa kiwavi, mwaka uliopita. Ataruka kwa mafuta hayo siku chache, kwa kawaida si zaidi sana ya wiki, atapata mwenza, jike atataga, na wote watakufa. Yote yale niliyoyastaajabia ukutani stesheni, mabawa, macho na rangi, ni nguo za harusi peke yake.

Banakulu alinitazama nikimwachia. Akasema kitu kirefu kwa sauti ya chini.

"Anasema umekuja kuona nusu," mjukuu alinieleza. "Rudi Desemba. Chipumi atakuwa juu ya mti, na uyoga utakuwa chini ya mti huohuo. Ndipo utajua wanaishije."

Nilirudi Desemba. Safari hii nilipita kwa basi, Tunduma hadi Nakonde, kisha kusini kwa Barabara Kuu ya Kaskazini. Mvua ilikuwa imeshika. Ile miti myekundu ilikuwa kijani kibichi, na kando ya lami, kila baada ya kilomita chache, akina mama na watoto walikuwa wamesimama na mabeseni. Basi likipunguza mwendo wanakimbia nalo, beseni juu ya kichwa, uyoga umepangwa kama visahani vyeupe. Abiria waliteremsha vioo. Konda alinunua mafungu mawili na kuyaweka chini ya kiti chake, na harufu ya udongo uliolowa ikajaa basi zima hadi Mpika. Harufu hiyo ilinirudisha Sikonge kwa mama.

Kijijini kwa Banakulu mavuno ya viwavi yalikuwa katika siku zake za mwisho. Tuliingia msituni kabla ya saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika usiku, mbingu ilikuwa safi, lakini nilisikia manyunyu. Nilinyoosha kiganja nikapata punje nyeusi, kavu, zenye mifereji pembeni. Ilikuwa mvua ya kinyesi. Juu yetu viwavi kwa mamia walikuwa wanatafuna, na kile walichokimaliza kilikuwa kinadondoka juu ya majani makavu kwa sauti ileile ya mvua ya rasharasha. Nilisikiliza kwa muda mrefu. Ni sauti ya msitu unaokula.

Chipumi aliyekomaa ni mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, wa kijani cha jani lenyewe, na mwilini ana miiba yenye kung'aa kama fedha, hivi kwamba ukimwangalia dhidi ya mwanga unamkosa kabisa. Ameshajivua ngozi mara nne hadi kufika hapo. Alianguliwa akiwa mdogo kuliko punje ya mchele. Katika wiki chache uzito wake umeongezeka maelfu ya mara, na wote ni jani la mwombo. Wanawake walikuwa wanamng'oa tawini kwa mkono, wanambana kichwani, wanamkamua kutoka mkiani kwenda mbele hadi uchafu wa kijani utoke, kisha wanamtupa kwenye ndoo. Kidole kimoja kilizungushiwa kitambaa kwa sababu ya miiba. Kazi ni ya haraka: ng'oa, bana, kamua, tupa. Nilijaribu. Wa kwanza alinipasukia mkononi. Wa kumi alitoka sawasawa.

Uani, viwavi huchemshwa kwa maji ya chumvi, kisha huanikwa juani au hubanikwa juu ya makaa hadi vinakuwa vikavu kama maharage. Zaidi ya nusu ya uzito wa viwavi vya ukoo huu vikishakauka ni protini, na huhifadhika miezi mingi bila friji. Hupimwa kwa meda, lile kopo la plastiki linalotumika katika masoko yote ya Zambia, na malori huvibeba hadi Lusaka na Copperbelt. Kwa familia nyingi hapa, ada ya shule ya Januari hutoka kwenye mti huu. Audrey Richards, Mwingereza aliyeishi kati ya Wabemba miaka ya 1930 na kutoa kitabu kikubwa juu ya ardhi, kazi na chakula chao mwaka 1939, aliona tayari jinsi viwavi na uyoga vinavyoziba pengo la kitoweo msimu ambao ghala limeanza kuonyesha sakafu.

Usiku nilikula. Banakulu aliniwekea viwavi vilivyokaangwa na nyanya na kitunguu, pamoja na nshima ya moto, yaani ugali. Nilinawa mikono, nikakata tonge. Kwa nje vilikuwa vikavu, ndani laini, na ladha yake ilikuwa kati ya dagaa wa Kigoma na korosho iliyoungua kidogo. Niliongeza. Nilijuta miaka yote niliyovipita mtini.

Kesho yake ilikuwa zamu ya uyoga. Banakulu alichukua kapu la matete, siyo ndoo wala mfuko wa plastiki. "Uyoga unataka kupumua," alisema, na mama yangu alisema vivyo hivyo. Tulitembea kati ya miti ileile ya jana. Chini, punje nyeusi za viwavi zilikuwa zimelowa na zinaanza kuyeyuka. Bibi hakuangalia juu hata mara moja. Aliangalia uvimbe. Pale ambapo majani makavu yameinuka kidogo, kama blanketi iliyofunika kichwa cha mtoto, alipiga magoti na kufunua.

Ilikuwa kama yai. Yai jeupe, limezama nusu udongoni, ngozi yake imechanika juu na kofia inachungulia. Hatua mbili mbele lilikuwapo lingine lililokwisha kufunguka: shina refu jeupe, pete imening'inia shingoni kama kola, kofia pana yenye kivuli cha kahawia katikati, na ukingoni mistari midogo kama meno ya kitana. Chini ya shina, ile ngozi ya yai ilikuwa imebaki kama kikombe kilichopasuka. Hapa wanauita tente. Wataalamu Pegler na Piearce waliuandika mwaka 1980 kwa jina la Amanita zambiana, katika makala yao juu ya uyoga unaoliwa wa Zambia. Makala hiyohiyo ndiyo iliyoutambulisha kwa dunia uyoga mkubwa wa vichuguu, ambao kofia yake huweza kufikia upana wa mita moja. Ule mkubwa ni habari nyingine: unalimwa na mchwa ndani ya kichuguu chao. Tente haulimwi na mchwa wala na mtu.

Banakulu aliugeuza. Upande wa chini wa kofia ulikuwa umejaa vipande vyembamba vyeupe, vimesimama kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Aliuweka juu ya kanga yangu nyeusi, kofia imeelekea chini, akaniambia niache tu. Tulipomaliza kuchuma tukaurudia. Kanga ilikuwa na duara la unga mweupe, mistari kwa mistari, picha kamili ya zile kurasa. Hizo ndizo mbegu zake, spora, ndogo mno kuonekana moja moja kwa jicho, na uyoga mmoja huachia mamilioni kwa mamilioni. Naye tente hali. Hana kijani cha kupikia kwa jua, hana mdomo. Amesimama siku chache, amemwaga unga wake kwa upepo, kisha analegea na kuoza. Nilikumbuka nondo kwenye ukuta wa stesheni. Kikombe kilichopasuka, pete, kurasa nyeupe: hizi nazo zilikuwa nguo za harusi.

Basi nani anakula? Niliuliza, na Bibi akaniomba kisu. Alifukua taratibu kando ya uyoga, kina cha kidole, hadi akafikia kijizizi cha mti, chembamba kama uzi wa kushonea. Ncha zake hazikuwa za kahawia kama nilivyotarajia. Zilikuwa zimevimba kidogo na zimevikwa soksi nyeupe, na kutoka kwenye soksi hizo nyuzi laini kuliko utando wa buibui zilikuwa zinaingia kila upande wa udongo. Huyo ndiye tente mwenyewe. Kile tunachokiweka kapuni ni tunda lake. Mwili wake ni huu utando, na unaishi mwaka mzima, masika na kiangazi, miaka mingi, umeishikilia mizizi ya mwombo. Udongo wa miombo ni maskini. Mti peke yake hauwezi kuokota fosforasi na nitrojeni ya kuutosha. Nyuzi hizi zinapenya pale ambapo mzizi ni mnene mno kupita, zinakusanya, zinaleta. Mti nao hulipa kwa sukari iliyotengenezwa na jani.

Nilikaa chini pale pale, kwenye majani yaliyolowa, kwa sababu nilitaka kulifikiri jambo hili nikiwa nimelitazama. Juu, kiwavi anakula jani. Chini, utando unakula sukari ya jani hilohilo. Kinyesi kinanyesha, kinarudisha nitrojeni udongoni, na nyuzi za uyoga ni miongoni mwa wale wanaosubiri hapo kuirudisha kwenye mzizi, na mzizi kwenye jani. Kiwavi akishiba hushuka shinani, huingia ardhini kina cha kiganja, hujivua kwa mara nyingine na kuwa pupa mweusi, mgumu, asiyekula wala kutembea, na hungoja humo tangu mwisho wa mwaka hadi kiangazi cha mwaka unaofuata kinapoelekea ukingoni. Kwa hiyo kwa miezi mingi nondo na uyoga wamelala udongo mmoja, labda shubiri moja kati yao, chini ya mti mmoja.

Wanafanana hata kwa nyama yao. Kinachoupa ukuta wa uyoga ugumu wake ni kitini, na kinachoyapa magamba ya mdudu ugumu wake ni kitini hichohicho. Mmea hauna. Kwa ukoo, uyoga uko karibu zaidi na mnyama kuliko na mti unaousimamia, ingawa sokoni tunauweka kwenye meza ya mboga. Mkahawani Mpika niliwahi kusikia abiria akisema yeye hali wadudu, ila uyoga anaupenda sana. Ningekuwa na nafasi ningemweleza kwamba meno yake hayajui tofauti kubwa kama anavyodhani.

Tofauti zipo, na mchumaji anazijua kwa mkono. Kiwavi tunamla akiwa mtoto, kabla hajazaa, na ndiyo sababu Wabisa wamemwekea siku ya kuanza na siku ya kuacha. Ukiwamaliza wote, hakuna nondo wa Oktoba. Uyoga tunaula ukiwa mtu mzima, siku ya kuzaa kwake, na mwenye mwili amebaki salama chini, kama mwembe uliochumwa maembe. Ndiyo sababu kwa uyoga hakuna anayengoja tangazo. Lakini uyoga, tofauti na chipumi, umewahi kuficha sumu iliyoua familia. Ukoo wa Amanita unao ndugu wauaji, wanaofanana na wale wa kuliwa kama mapacha. Banakulu aliuacha mmoja njiani, mweupe na mzuri kwa macho yangu. Nilipoinama alinishika bega kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwanamke wa umri wake. Hakueleza sana. "Huo hatuujui," alisema. Kwa mama yangu pia hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote: usioujua haupiti mlangoni. Mtu asijaribu kujifunza uyoga kwa maandishi yangu haya. Ajifunze kwa mama anayeuchuma, msituni, misimu kadhaa.

Mchana tulikula tente uliopikwa na karanga za kutwanga. Ni mtamu, mlaini, unateleza kidogo, na mchuzi wake unabaki mdomoni. Nilikula nikiwa na furaha, na bado sikujua kwamba sehemu ya mwisho ya safari ingeniondolea furaha hiyo.

Jioni mjukuu alinipitisha njia nyingine kuelekea barabarani. Msitu ulikatika ghafla. Mbele yetu palikuwa na visiki, na kati yao madoa meusi ya duara, kila moja limeungua hadi udongo umegeuka rangi ya tofali. Yalikuwa matanuri ya mkaa. Magunia yalikuwa yamepangwa kando ya lami yakingoja lori. Sina neno baya kwa aliyeyapanga; alikuwa baba wa watoto, aliniamkia kwa heshima, naye alikuwa anatafuta ada ileile ya Januari. Watu wa hapa hawakuzoea kukata hivi. Kilimo chao cha zamani, chitemene, kilikata matawi na kuacha shina, na shina likachipua. Hapa mashina yenyewe yalikuwa yameondoka.

Nilitembea kati ya visiki kwa karibu nusu saa. Mvua ilikuwa imenyesha hapa kama kule, siku zilezile. Nilitafuta uvimbe kwenye majani makavu. Hapakuwa na majani makavu. Sikuona tente hata mmoja. Sikusikia rasharasha. Utando uliokuwa unalishwa na mizizi hiyo ulikosa sukari siku mti ulipoanguka, na pupa waliokuwa chini ya matanuri walipikwa na udongo wao. Kisiki cha mwombo kina uhai mgumu. Kikiachwa bila moto mkali na bila jembe kinaweza kuchipua, na miaka ikipita msitu hurudi. Lakini lazima kiachwe.

Kwetu kuna wanaosema uyoga sasa unalimwa, hivyo msitu ukiisha si neno. Ni kweli uyoga mamama unaota kwenye mabua na pumba ndani ya mifuko, chumbani, na umewainua akina mama wengi. Ila uyoga huo ni wa kula vilivyokufa. Tente na ndugu zake wanaishi kwa mzizi ulio hai, na shambani hawaoti. Hakuna mfuko wa mbegu za tente dukani, kama ambavyo hakuna banda la kufugia chipumi lenye majani ya mwombo mita kumi juu. Duka lao ni mti.

Niliporudi Tabora, gunia la mkaa lilikuwa limeegemezwa kwenye geti la jirani. Nililitazama kwa macho mapya. Hesabu tunayofanya barabarani ni ya gunia peke yake: bei yake, siku litakazochukua jikoni. Hatuhesabu mafungu ya uyoga ambayo mti ule ungetoa kila masika, wala viwavi, wala asali iliyotoka kwenye maua yake, kila mwaka, kwa maisha ya mtu na ya mwanawe. Gunia huuzwa mara moja.

Ndugu msomaji, kama una shamba lenye mtundu au mtondoro, usikate shina. Pogoa matawi uache lichipue. Kama unachoma nyasi, choma mapema, zikiwa bado na unyevu. Kama wewe ni kiongozi wa kijiji cha miombo, wa Sikonge, Mpanda, Songea au Liwale, waite akina mama wanaochuma uyoga kabla hujagawa eneo la kukata mkaa, uwaulize ni miti ipi. Wanaijua mmoja mmoja. Banakulu hakuwahi kusoma jarida lolote, na miti ya nyuma ya nyumba yake bado ina mayai kila Oktoba na tente kila Desemba.